Kisanduku Kilichozimika Nyumbani Tu

Dada mtu alikuwa akirekodi vitabu kwa sauti kwa ajili ya wasioona. Kazi yake yote ilikaa kwenye kisanduku kidogo cha diski, kompyuta ya kuhifadhia tu, rafuni kando ya modemu. Kilipoanza kuzimika chenyewe, akamwita mdogo wake, fundi kompyuta.

Fundi alichomoa diski yenye rekodi akaiweka mbali, akachomeka nyingine tupu ili aweke upya Linux, mfumo unaokiendesha. Kisanduku hakina skrini, kwa hiyo alikifuatilia kwa mtandao kwenye kompyuta yake. Maandishi yalishuka mstari kwa mstari, kisha yakaganda. Akarudia. Safari hii yakaganda mahali pengine. Akabadilisha flashi, diski, hata adapta ya umeme. Wapi.

"Hiki kimekufa, dada. Tafuta kingine."

Hata hivyo alikibeba hadi kwenye karakana yake, asije akakizika kingali hai. Huko Linux iliingia bila kukohoa, na kisanduku kikafanya kazi asubuhi nzima. Alipokirudisha rafuni kwa dada yake, hata chai aliyokaribishwa haijapoa, kikazimika.

Fundi akaitazama soketi ukutani. Kinachopona kwa jirani na kuugua nyumbani, ugonjwa si wake.

"Shemeji, umeme wa humu alifunga nani?"

Mume wa dada yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Najua kwa sababu hakumwacha mtu amalize sentensi, hakuinua macho gazetini. "Mimi. Na haujawahi kunisumbua."

Fundi akachomeka kipimo cha umeme kwenye soketi. Kila friji iliponguruma, namba zilianguka, zikajikokota kupanda, zikaanguka tena.

Kutoka chumba cha nyuma, mama yake Najua akaita, "Mwanangu, ukuta umeanza tena kunong'ona."

"Mama siku hizi anasikia mengi," Najua akasema.

Fundi aliingia chumbani, akaweka kiganja ukutani, juu ya kitanda cha mama. Ulikuwa na joto. Akasogeza pua. Harufu ya plastiki.

"Dada, tumtoe mama nje," alisema polepole, na ule upole ndio uliomtisha dada yake.

"Ngoja kwanza, najua..." Najua alianza, akaona rangi ya ukuta ikivimba. Hakumaliza. Alimbeba mama yake mgongoni, naye fundi akakimbilia swichi kuu. Walipofika uani, moshi mwembamba ulikuwa ukitoka dirishani.

Fundi umeme aliyeitwa alibomoa plasta. Nyaya nyembamba, za kutosha redio tu, zilikuwa zimeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa selotepu. Ubao wa nyuma yake ulikuwa umegeuka mkaa. "Mngelala humu leo," alisema, akaishia hapo.

"Mungu katuepusha," dada mtu akasema.

Najua alikuwa amekaa kizingitini, simu mkononi. "Nyumba ya kaka umeme nimefunga mimi," alisema. "Ya binamu pia. Na ya yule mwalimu mwenye mapacha."

Akapiga. Kaka akapokea, akaambiwa azime kila kitu. Binamu naye akapokea. Simu ya mwalimu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita, ikakatika.

Fundi alikuwa ameshawasha pikipiki. "Panda, shemeji."

Najua akapanda. Njia nzima hakusema neno, ila kuelekeza: kushoto, kulia.