Nne Iliyosomeka Moja

Edgar mwenye duka la uchapaji pale Nyaishozi ni hodari wa kadi, hilo hatumnyimi. Ila kwa ile fonti yake moja, jamani, alikuwa haambiliki. Miguu ya herufi minene, myeusi tii, halafu vistari vya kuiunganisha vyembamba kama unywele. Ukiiona kwenye kadi ya harusi, jina la bibi harusi kubwa katikati ya karatasi nyeupe, unajua hapa pana shughuli. Basi akaitia kila mahali: kipaimara, mahafali, hadi bei za soda dukani kwa jirani.

Siku Immaculata alipofika kutoka Kaisho, macho yamemvimba kwa kulia, alitaka tangazo tu. Mama yake, Benadeta, alikuwa mahututi na alikuwa akimwulizia mwanawe Adelard. Adelard aliondoka kwa ugomvi wa kibanja, shamba la familia, mama mwenyewe akimwambia asikanyage tena pale. Walisikia tu kwamba anafanya vibarua Songambele. Immaculata akauliza kama herufi za kawaida zisingetosha. Edgar akacheka, akasema mama hamwiti mwanawe kwa herufi za risiti.

Akapanga: ADELARD, MAMA ANAKUITA. Chini yake akaweka namba ya simu ya Immaculata. Kwenye kompyuta ilipendeza mno. Kisha akatoa kopi kwa mashine iliyokuwa inaishiwa wino, vistari vyembamba vikapotea, naye wala hakuzisoma tena. Namba iliishia na nne. Nne ya fonti ile ina mguu mmoja mnene, kwingine kote ni unywele mtupu. Kwenye kopi ukabaki mguu peke yake, na kila aliyesoma alisoma moja.

Matangazo yakabandikwa Songambele, kwenye milango ya maduka na mashine za kusaga. Immaculata akawa halali wala haogi bila simu karibu. Haikulia. Benadeta akazikwa bila kumwona mwanawe.

Baada ya mazishi, habari za msiba zikamfikia Adelard. Fonti ile kila mtu aliijua ni ya nani, akaingia dukani kwa Edgar na tangazo mfukoni. Alitaka kujua nani alitoa namba ile. Alikuwa amepiga siku ileile aliyoliona, akapokea mwanamume, naye akadhani ni shemeji yake, mume wa Immaculata, ambaye hakuwahi kuonana naye.

"Aliniambia hapa hakuna mama yako, usinipigie tena," alisema. "Nikajua wamenikataa."

Edgar akaitazama namba. Angeweza kuisingizia mashine. Akachukua kalamu, akaichorea ile moja vistari vilivyopotea.

"Ni nne, kaka. Umempigia mtu mwingine kabisa. Kosa ni langu, nilitaka lipendeze."

Afadhali angepigwa. Adelard hakumgusa, wala hakumtukana.

"Kwa hiyo mama aliniita kweli?"

"Alikuita mpaka mwisho."

Adelard akakaa kwenye benchi la wateja, akalia kwa sauti. Watu waliofuata kadi zao wakabaki mlangoni, wasijue waingie au waondoke.