Jina la Mwisho Mstarini

Mtaani walimwita Shubiri, naye hakuwalaumu. Mkewe alifia nje ya lango la hospitali, lango lililofungwa kwa sababu mkubwa mmoja alikuwa anakuja kukata utepe, na tangu siku hiyo hakuwahi kutoa neno tamu kuhusu mtu yeyote mwenye ofisi. Mvua isiponyesha, wakubwa. Ikinyesha ikambomolea ukuta, wakubwa walewale. Wateja walimvumilia kwa kuwa alishona magodoro ya sufi yaliyotulia mgongoni, na kwa kuwa ulimi wake, ukishauzoea, ulichekesha.

Kwa hiyo binti yake wa pekee alipochaguliwa kuingia chuo cha kijeshi, mzee alinuna mpaka siku ya safari.

"Wamemla mama yako, sasa unawapelekea na mifupa," alimwambia.

Binti alicheka huku akifunga kamba za viatu. "Baba, naenda kujifunza kujenga madaraja. Siendi kuliwa."

Hazikupita siku nyingi simu ikalia. Sauti ya binti ilikuwa chini, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi.

"Baba, nataka kuacha."

Moyo wa mzee uliruka kwa furaha, tusidanganyane. Akaimeza ile furaha isisikike. "Nani kakugusa?"

"Hakuna aliyenigusa, na mazoezi nayaweza. Njoo Jumapili ya wageni, nitakueleza. Kwenye simu anasikia."

"Nani anasikia?"

Simu ikakatika.

Jumapili ilipofika, Shubiri alikuwa langoni mapema, kawatangulia hata walinzi. Akapokewa na sajini mmoja mnene mwenye sauti nyembamba.

"Karibu, mzee wangu! Binti yako ni chuma. Ufupi tu ndio umemweka mwisho wa mstari."

"Chuma nacho huliwa na kutu," Shubiri akajibu, akapita.

Bweni lilikuwa ukumbi mrefu wa vitanda vya chuma, mablanketi yamevutwa yakanyooka kama ngozi ya ngoma. Vitanda vyote vilikaa kwa mpangilio isipokuwa kimoja. Hicho kilikuwa peke yake ukutani, na vya jirani vilikuwa vimesogezwa mbali nacho. Binti alikuwa ameketi juu ya sanduku lake kando ya kitanda hicho. Kakonda, macho yameingia ndani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Mbona hukai kitandani kwako?"

Mzee, kwa mazoea ya kazi, akafunua blanketi akapapasa godoro kwa kiganja. Akakuta bonde dogo mahali binti yake anapolala, na hilo alilijua, maana yeye ndiye aliyemshonea magodoro tangu uchangani. Lakini upande wa ukutani palikuwa na bonde la pili, refu, lililofika mpaka mwisho wa godoro. Jua la dirishani lilikuwa linapiga papo hapo, na bado pamepoa kama sakafu.

"Unalala na nani hapa?"

"Baba!"

"Siulizi kwa ubaya, mama. Nauliza godoro."

Binti akatazama mlangoni, kisha akasema taratibu, "Ndiye huyohuyo anayesikia kwenye simu."

Akamweleza. Kila jioni huitwa majina uwanjani. Yeye ni wa mwisho, lakini baada yake huitwa jina jingine, jina la mwanafunzi aliyekufa zamani. Anayesimama mwisho wa mstari ndiye anayemwitikia: Nipo, afande! Chuoni wanasema ni heshima.

"Heshima ya nini?"

"Kwenye mbio za porini alichoka mpaka akawa anaburuta mguu, akaomba ruhusa akae. Wakamwambia acha deko, wakamwacha njiani. Jioni mkuu wa chuo wa wakati ule hakutaka ionekane kuna pengo. Akaamuru mtu amwitikie, hesabu ikatimia. Walipokwenda kumtafuta alikuwa ameshakufa. Kesho yake wakaitika tena, wakazoea. Mpaka leo."

"Ndio zao," alisema Shubiri. "Na hayo nani kakusimulia?"

"Sajini anasema alikufa shujaa. Hayo mengine kaniambia mwenyewe."

Alilisema hilo kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

"Mwanzoni niliitika kwa sauti yangu," binti akaendelea. "Siku hizi inatoka yake. Sauti ya kiume, Baba, kooni mwangu, na wenzangu wameisikia. Usiku inaomba ruhusa. Naamka miguu ina tope, na hapa hakuna tope, kokoto tupu. Juzi sajini kaita jina langu, nikakaa kimya namsubiri mwenye jina."

"Fungasha. Tunaondoka."

Binti hakuinuka. "Nikiondoka, anasimama mwingine pale mwisho. Yule wa kitanda cha tatu ndiye anayenifuata kwa ufupi." Akashusha pumzi. "Halafu, Baba, sitaki kuondoka. Wiki iliyopita tumefunga daraja la kamba juu ya korongo, nikapita wa kwanza. Lilinibeba! Nataka kubaki. Ila nataka nibaki mimi."

Tangu binti aondoke Shubiri alikuwa akiyanoa maneno ya nilikuambia, na sasa yalikuwa yamemkauka mdomoni. Kumrudisha nyumbani kungekuwa rahisi, na kungemfurahisha. Kumshika mkono abaki kwa watu asioweza hata kuwatazama usoni ndiko kulikuwa mwiba. Marehemu mkewe angejua la kusema. Yeye alijua magodoro tu.

"Leo usimwitikie," akasema mwishowe.

"Nitaadhibiwa."

"Watakukimbiza uwanja. Huwezi?"

"Naweza."

"Basi funga mdomo, mengine niachie. Ukitaka kurudi baadaye, mlango wa kwetu unaujua. Ukitaka kubaki, sitanuna. Nitawatukana wao tu."

Binti akacheka, kicheko kidogo, lakini kilikuwa chake.

Jua lilipoinama, wanafunzi walipangwa uwanjani, wageni wakawekwa nyuma ya kamba. Sajini akaita, majibu yakapasuka moja baada ya jingine kama vijiti vikavu. Binti akaitika lake kwa sauti yake, nyembamba na safi. Kisha likaitwa jina la mwisho.

Kimya.

Sajini akarudia. Shubiri alimtazama binti yake. Koo lake lilipanda na kushuka, kama mtu anayemeza kitu kinachotaka kutoka, na midomo alikuwa ameibana mpaka ikapauka. Upepo ulikuwa umetulia. Mama mmoja karibu na kamba aliacha kujipepea.

Mara ya tatu sauti ya sajini ilitetemeka. Ndipo, kando ya binti, mahali pasipokuwa na mtu, kokoto zikalia na kudidimia, kama zinavyofanya mtu anapohamisha uzito mguu hadi mguu.

Shubiri akaruka kamba.

"Hayupo!"

"Mzee wangu, rudi nyuma."

"Hayupo, nasema! Alikufa! Mlimwacha porini, mkadanganya yupo ili mkubwa wenu alale usingizi. Kijana aliomba kukaa, na mpaka leo mmemsimamisha!"

Mzee akampa sajini mgongo. Aliielekea ile nafasi tupu, na sauti ikamlainika, akasema kama anavyosemeshwa mtoto mwenye homa.

"Mwanangu, ruhusa unayo. Mimi si afande, ni mshona magodoro. Lakini nimezaa, na mzazi naye ana ruhusa zake. Toka mstarini."

Kokoto zikaanza kulia. Hatua moja nzima, moja ya kuburutwa. Nzima, ya kuburutwa. Zikapita mbele ya mstari, na kila mwanafunzi zilipomfikia aliegemea nyuma bila kupenda. Askari wa zamu akafungua lango, na hakuna aliyemwamuru. Lakini hatua hazikwenda langoni. Zilikuja mpaka kwa Shubiri, zikasimama ubavuni pake, na mkono wa shati lake ukapoa.

Hapo mzee akatambua kosa lake. Alimpa mtu ruhusa ya kuondoka bila kujiuliza ana pa kwenda. Aliowaacha kwao, nani ajuaye kama bado wapo hai? Akamtazama binti, aliyekuwa akilia wima, mikono mbavuni, kama alivyofunzwa.

"Haya," akaunong'oneza ule ubaridi wa ubavuni. "Twende basi."

Binti alikimbizwa uwanja, kama ilivyotarajiwa. Baada ya siku chache akapiga simu mchana, wakati Shubiri akishona ukingo wa godoro kibarazani.

"Nalala, Baba. Nalala kama gunia. Vitanda wamevirudisha karibu."

"Na lile jina?"

"Bado wanaliita. Hakuna anayeitika. Sajini anangoja kidogo, kisha anatutawanya. Hathubutu kututazama usoni."

"Hawakosi visa hao. Na wewe?"

"Nabaki, Baba."

Sindano ilimchoma mzee kidoleni. Akakinyonya kidole, akalitafuta tusi la wakubwa, akaliona, akaliacha. "Kaa, mama. Jenga madaraja yako. Yasije yakaanguka wakasema ni damu ya Shubiri."

Binti akacheka, halafu akauliza, "Baba, nani anatembea hapo kwako?"

Ndani, kuanzia chumbani mpaka jikoni, ilipita hatua moja nzima na moja ya kuburutwa. Mteja aliyekuwa akingoja godoro lake alikwisha kusimama, akasema atarudi kesho.

"Ni mgeni," alisema Shubiri. "Hajazoea kukaa."

Akaagana na binti, akaweka simu chini. Kisha akaingia ndani na sufi yake begani, akatandika godoro jipya chini ya dirisha, refu kuliko yote aliyowahi kushona, akalipigapiga kwa kiganja.

"Lala," akaliambia giza la pembeni. "Hapa hakuna anayehesabu."

Akasubiri mlangoni, akiogopa, mpaka alipoona katikati ya godoro pakibonyea polepole.