Karatasi za Masizi

Chuo kikuu kilimwajiri mama huyu mwaka uliofuata lile tetemeko la ardhi lililoangusha maktaba. Profesa aliyefunga mashine ya kupima mitetemo alimpa amri moja: asilete mtu chumba cha chini, maana hata nyayo za mgeni huchora mstari. Akaitii miaka thelathini na mmoja. Kila asubuhi alipaka karatasi mpya masizi, akaifunga kwenye pipa la mashine linalozunguka, kisha ya jana akaichovya kwenye vanishi ili mistari iliyochorwa na sindano ya mashine isifutike. Wenzake wa ghorofani walimwita Mama Sindano. Walimtania kwa wema tu, ila chai walikunywa bila yeye.

Mumewe alipofariki, alikaa nyumbani wiki mbili. Aliporudi, hakuna aliyekuwa amebadilisha karatasi. Sindano ilikuwa imepita juu ya mistari yake yenyewe hadi masizi yote yakakwanguka. Makaburini alikuwa amejikaza; alilia hapo, mbele ya mashine.

Sasa mkuu wa idara, mgeni kazini, alimwita.

"Mama, siku hizi vituo vya milimani vinatuma habari vyenyewe. Kile chumba tutaweka viti vibovu. Hizo karatasi zichomwe."

"Zote?"

"Nani atazisoma?"

Aliomba wiki moja, akapewa shingo upande. Siku ya nne akateremka mtafiti, mwanamke wa makamo, akitafuta rekodi ya tetemeko dogo la miaka ishirini nyuma. Siku ya tetemeko hilo vituo vingine vyote vilikuwa vimezimika. Mama Sindano alivuta droo, akampa karatasi. Pembeni palikuwa na maandishi yake ya penseli: *Saa nne na dakika sita. Si lori.*

"Ulijuaje si lori, mama?"

"Lori huja polepole, likaondoka polepole. Hili lilibisha hodi, likanyamaza kidogo, ndipo likaingia."

Mtafiti alipanda kwa mkuu mbio mbio. Karatasi hazikuchomwa. Kwa miezi mitatu wawili hao waliziingiza kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, wakibishana na kucheka. Kisha mtafiti akarudi kwao, na Mama Sindano akastaafu.

Jioni ya siku aliyostaafu alimpigia simu dada yake mkubwa.

"Dada, zimehifadhiwa."

"Nini tena?"

"Karatasi zangu."

"Haya, mshukuru Mungu, mdogo wangu. Umekula?"

"Nimekula," alisema. Hakuwa amekula. Alikata simu, akainuka kuteleka maji.