Maji Mazito ya Mangapwani

Masoud, fundi seremala wa Kikwajuni, hakuwa mtu wa kuambiwa akakubali. Mwaka 1966 alipokwenda Mangapwani kutazama nyumba ya ufukweni ya Bi Shemsa iliyokuwa ikiuzwa, alichagua siku za bamvua kusudi, aone bahari ikijaa sana inafika wapi. Haikufika barazani. Akakwaruza chokaa kwa msumari, akagonga boriti moja moja. Mkewe, Mwatum, alikuwa na mimba, na ameshazika watoto wawili waliokufa kwa kuharisha katika chumba cha kupanga. Alitaka kitu kimoja tu: kisima chake mwenyewe.

Kisima kilikuwapo uani, kimefunikwa kwa mawe makubwa. Masoud akamuuliza jirani, Mzee Mmanga.

"Kile? Maji yake mazito," mzee akasema, akatazama kwengine.

Mtu wa mjini naye! Akajifasiria mwenyewe: mazito, yaani yana chumvi kidogo na tope; akikifukua yatasafika. Jirani kabla ya nyumba, husema watu, na jirani kweli alimuuliza. Kumsikiliza ndiko kulikomshinda.

Bi Shemsa hakuwa na maneno mengi. Mumewe, Msabah, hakuonekana tena tangu Januari ile ya mapinduzi. Wengine walimwambia amevukia Bara, wengine yuko Uarabuni. Akamuuzia Masoud, akahamia mjini kwa dada yake.

Wiki ya pili Masoud aliondoa mawe, akashuka kwa kamba. Alikuta mifupa ya mtu mmoja na pete ya fedha. Akaichukua pete, akapanda juu. Alipoinua kichwa, Mzee Mmanga amesimama uani, sanda mkononi. Haikuwa sanda ya siku ile. Ilikaa sandukuni mpaka mikunjo yake imeingia umanjano.

"Tulikwambia, mwanangu."

"Mliniambia maji mazito."

"Ulitaka nseme vipi?"

Masoud alimchukia mzee yule, na papo hapo akajua kwamba yeye pia asingesema. Wanaume sita walimsalia maiti, wakamzika, na hakuna aliyetaja jina. Kisha Masoud akaipeleka pete mjini.

Bi Shemsa aliigeuza geuza kiganjani.

"Nlipokuwa sijui, alikuwa safarini," alisema.

Kesho yake akaja Mangapwani na kifurushi kidogo.

"Nyumba nshakuuzia, wala sirudi nyuma. Nnaomba chumba tu, miezi minne na siku kumi. Nkae eda."

"Bi Shemsa," Masoud alisema taratibu, "siku ya maziko nlimuuliza mwalimu wa msikitini. Anasema eda huhesabiwa tangu siku aliyokufa mume. Yako ilishapita."

"Ilipita wapi, mwanangu? Siku zote hizo mimi nlikuwa nkipaka wanja, nnamngojea."

Masoud alitamani kumwambia arudi kwake, nyumba ni yake. Lakini sasa ilikuwa nyumba ya Masoud kwa hati na kwa mashahidi, na pa kwengine pa kwenda hakuwa napo. Aliona haya, akatazama chini.

Mwatum, tumbo mbele, akampokea mgeni kifurushi chake, akamwingiza ndani. Kisha akatoka na ndoo, kwenda kuomba maji ya mgeni kuoga kwa Mzee Mmanga.