Mkono wa Mjomba Xaveri

Mafuta ya kupikia yakikaa mwilini saa nne juani hunuka kama karai la maandazi lisilooshwa, na Gaudiosa alikuwa amepakwa kopo zima. Yalitoka kwa Bwana Florian, mfanyabiashara wa Mbinga mjini. Tangu serikali ilegeze masharti ya biashara alikuwa akiyaleta kwa malori, naye alitaka mwambao mzima ujue kuwa mwogeleaji wao anang'aa kwa mafuta yake.

Na watu wa mwambao walijivunia kweli. Gaudiosa alianza kwa kuogelea kutoka Lituhi hadi Manda, akizunguka mbali na mdomo wa Ruhuhu kwa kuogopa mamba. Mwaka uliofuata akatoka Ngumbo hadi Liuli. Sasa ilikuwa Liuli hadi Mbamba Bay. Akifika bila kugusa mtumbwi, Bwana Florian angempa boti ya injini ya kumsindikiza kuvuka ziwa lote mpaka Malawi. Kuvuka huko ndiko alikokuota tangu shule ya msingi.

Msindikizaji wake alikuwa Mjomba Xaveri, mvuvi wa Lituhi, aliyemfuata kwa mtumbwi wake.

"Mjomba, hata nikilia usiniguse. Ukinigusa tu, safari imekufa."

"Nimesikia, mama."

Saa sita mchana kitu kama moshi mweusi kilinyanyuka juu ya maji. Walikuwa wale wadudu wadogo wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, ambao watu huwanasa kwa vikapu wakawafanya kitoweo. Upepo uliwaleta moja kwa moja. Yale mafuta yaliwashika kama ulimbo. Walimjaa masikioni, puani, chini ya ulimi. Alimeza, akatapika, akavuta pumzi, akameza matapishi yake mwenyewe pamoja na wadudu wapya.

Huko kwao mtu akitapika majini hupandishwa kwanza, maneno baadaye. Xaveri hakufikiri. Alimshika makwapa, akamvuta ndani, akamkalisha juu ya nyavu na kuanza Salamu Maria.

"Mjomba, niache!"

"Sala haikatizwi. Tulia."

Zilikuwa tatu, za polepole, kama za msibani. Kisha akamrudisha majini, ameridhika kabisa. Gaudiosa aliogelea saa nne nyingine kwa hasira tupu.

Alipofika Mbamba Bay, hata nywele hazijakauka, alimweleza Bwana Florian yote. Bwana Florian akacheka.

"Nani aliona? Samaki?"

Jumamosi iliyofuata, mbele ya duka jipya la Bwana Florian pale Mbinga, bango lilisema: HAKUGUSA MTUMBWI! Boti ilikuwa juu ya lori, imefungwa utepe mwekundu. Florian alimpa Gaudiosa kipaza sauti.

"Waambie, dada, ni mafuta gani yaliyokufikisha!"

Makopo yalikuwa yamefunguliwa mezani ili watu wayanuse. Gaudiosa akasogea mbali na harufu yao.

"Shikamooni, wazee. Niligusa mtumbwi. Nilikaa ndani yake Salamu Maria tatu nzima. Bwana Florian anajua, nilimwambia siku ileile. Na mafuta yake ndiyo yaliyoninasia wadudu. Mpaka leo nikijikuna nawakuta."

Umati ulipasuka kwa kicheko. Mama mmoja aliyeshuka kutoka kijiji cha Ukata akapaza sauti, "Basi nigaieni kopo nikategee kunguni!"

Florian alimnyang'anya kipaza sauti, akamvuta nyuma ya duka. Mjomba Xaveri akawafuata mbio.

"Rudi pale uombe radhi," Florian alisema, jasho likimtiririka shingoni. "Sema jua lilikuchanganya. Ukisema hivyo, boti ni yako sasa hivi."

"Omba tu, mama," Xaveri alinong'ona, macho chini. "Mkono ulikuwa wangu. Nisikukoseshe ziwa."

"Mkono wako hauna kosa, Mjomba. Wewe ulidhani nakufa. Huyu alijua ukweli, akaniletea uongo wake niumeze mbele ya watu wazima. Afadhali wale wadudu."

"Dereva!" Florian alipiga kelele. "Washa gari! Msichana, nahesabu mpaka tatu."

Injini ya lori ikanguruma.

"Usijichoshe kuhesabu," Gaudiosa alisema. "Nenda na boti yako. Nitaogelea na mtumbwi wa mjomba, au sitavuka kabisa. Radhi siombi."