Koti la Mkono Mmoja

Mimi ni fundi cherehani. Naanza na hilo kwa sababu hapa mtaani ukiniulizia kwa kazi yangu hunipati. Uliza Kamanda, hata mtoto atakuleta. Bunduki sijawahi kushika, hata ile ya maji ya watoto. Ila nimetoka nchi ile inayoonyeshwa kwenye taarifa ya habari ikiwaka moto. Basi, imetosha.

Na kosa ni langu pia. Nilipofika, wateja wa Shangazi walikuwa wananiuliza, "Kwenu umeua wangapi?" Shangazi ndiye mwenye duka. Si shangazi yangu, ni shangazi wa mtaa mzima. Nikijibu sijaua mtu, wananitazama kama nimewadhulumu. Siku moja mdomo ukaniponza, nikasema niliwashonea waasi sare. Jenerali wao alikuja akaweka bastola juu ya cherehani, nikampima kiuno. Duka zima likanigeukia. Tangu siku hiyo nikawa Kamanda, na kila mteja mpya anaomba ile ya jenerali. Nikawa naongeza chumvi. Jenerali akaota kovu, baadaye akabaki na jicho moja.

Ukweli ni kwamba nyumbani nilikuwa nashona sare za shule. Mimi niliyeiacha shule darasa la sita nilikuwa nawavalisha wanaosoma: kaptula za kaki, sketi za bluu zenye marinda. Vita haikufika mtaani kwetu. Ilikuwa mbali, mwendo wa siku mbili kwa basi. Lakini serikali ilifunga shule zote, na shule ikifungwa nani anataka kaptula? Miezi minane nilikaa naitazama cherehani, nayo inanitazama. Nikaondoka. Habari hiyo haina damu, kwa hiyo haina msikilizaji.

Sasa sikiliza siku yenyewe. Kibali changu kilikuwa kinaisha kesho yake. Ofisini wanataka barua ya mwenyekiti wa mtaa, yenye muhuri, inayosema mimi ni nani na kwa nini siwezi kurudi kwetu. Huna barua, unapakiwa kwenye gari mpaka mpakani, na huko hakuna cha nisamehe. Mwenyekiti alinizungusha wiki tatu. Leo njoo kesho, kesho njoo keshokutwa. Mwisho akasema, "Suti yangu ikiisha, na barua yako imeisha." Suti ya kumpokea waziri asubuhi. Saa kumi alasiri akaja kuijaribu, muhuri mfukoni.

Na ndiyo siku ya mechi. Timu yao na timu yetu.

Televisheni ya Shangazi iko ukuta wa nyuma, kioo cha kujitazamia kiko ukuta wa mbele. Ni televisheni ya zamani za kale. Rangi ilishakufa, wachezaji wote wa kijivu kama wamegaagaa kwenye majivu. Sauti ilikufa siku Fundi Simu alipoitengeneza. Huyo ana meza yake hapo barazani. Alitengeneza na simu yangu, na tangu hapo haisikiki sikioni, inasema kwa spika tu. Dada yangu akipiga kuniambia mama anaumwa tumbo, mtaa mzima unanipa pole.

Kwa hiyo kwenye ile televisheni ukitaka kujua nani ni nani, unashika upande. Kipindi cha kwanza wenyeji walishambulia kulia. Kipindi cha pili, kushoto. Ndivyo nilivyojiwekea kichwani.

Watu kama kumi walikuwa wamebanana kwenye benchi, wamefunga njia ya mlangoni. Fundi Simu amekalia ndoo iliyopinduliwa.

"Kamanda!" akaniita. "Hiyo timu yenu imetoka msitu gani?"

"Waache," mwingine akadakia. "Wenzako wamezoea kukimbia. Wana mbio hao, wakimbizi tangu utotoni."

"Wakipewa penalti wanapiga mpira au wanapiga kombora?"

Nikacheka. Nimejifunza kucheka kabla hawajamaliza, inapunguza urefu wa utani.

Mwenyekiti akasimama mbele ya kioo. Mimi nyuma yake, mdomo umejaa pini. Koti lilikuwa na mkono wa kulia tu. Wa kushoto nilikuwa ndiyo naushika kwa pini begani. Kipindi cha pili kimeanza, hakuna goli.

"Kamanda, leo uko upande gani?" akaniuliza kupitia kioo.

"Upande wenu, Mheshimiwa," nikajibu kwa kona ya mdomo.

"Wetu. Sema wetu."

"Upande wetu."

"Hapo sawa. Unakula kwetu, unalala kwetu. Goli likiingia nataka nisikie sauti yako kabla ya ya Fundi Simu. Nitakuwa nasikiliza."

Akapapasa mfuko wa suruali wenye muhuri. Hakuwa anatania sana.

Basi nikawa na kazi mbili, mkono wa koti na mpira. Siwezi kugeuka, nimeshika bega la mtu. Nikawa natazama mpira kwenye kioo, juu ya kichwa cha Mwenyekiti. Moyoni najikumbusha: kushoto, goli la kushoto ndilo la kushangilia. Dakika zikaenda. Jasho linanitoka. Shati limenata mgongoni, pini zinanichoma ulimi.

Mara nikaona mtu wa kijivu anachomoka. Anakimbilia kushoto. Amempita mmoja, amempita wa pili, kipa ametoka, mpira huo wavuni!

"Gooooli!"

Nilipiga kelele mpaka pini zikaruka. Niliinua mkono mmoja juu. Mwingine ulikuwa na pini, ukamchoma Mwenyekiti begani. Nikaendelea, "Goli! Goli letu!" halafu nikasikia kwamba ni mimi peke yangu.

Kioo, jamani. Kioo kinageuza. Kila siku namsimamisha mteja hapo, namwambia inua mkono wa kulia, yeye anaangalia kioo anainua wa kushoto, namcheka. Leo mimi. Kushoto ya kwenye kioo ilikuwa kulia. Goli walilofunga ni la nchi yangu.

"Kumbe," Mwenyekiti akasema polepole.

"Mheshimiwa, ni kioo! Kioo kimenichanganya!"

"Kioo ndicho kilichoshangilia?"

Watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa cha kukualika. Fundi Simu akainuka kwenye ndoo. "Amemchoma Mwenyekiti! Oneni, damu hiyo!" Kweli, kwenye shati kulikuwa na kitone, kidogo kama kichwa cha njiti. "Si ndiye aliyewashonea waasi? Alisema kwa mdomo wake!"

"Damu haipotei," mzee mmoja wa kwenye benchi akasema. "Unampa godoro, yeye analala na panga."

Mlango ulikuwa mita nne kutoka niliposimama. Katikati, magoti ya watu kumi.

Mwenyekiti akataka kulivua koti kwa hasira, pini zikamchoma tena. Akatulia. Akajitazama kwenye kioo: mkono mmoja umeshonwa, mwingine unaning'inia kama ulimi wa mbwa. Kesho waziri. Nilimwona anapiga hesabu. Fundi mwingine yuko wapi jioni hii? Hayupo. Hata yeye alikuwa amenaswa, tofauti ni kwamba yeye alinaswa na koti tu.

"Lete karatasi," akamwambia Shangazi. Akaegemea meza ya kukatia, na pini zake mwilini. "Tuandike sasa hivi, mbele ya watu. Wewe uliwashonea waasi sare. Ndiyo au siyo?"

"Siyo."

"Jenerali je?"

"Hakuna jenerali, Mheshimiwa. Nilitunga."

"Hata lile jicho moja?" mzee wa benchi akauliza, kama mtu aliyeibiwa.

"Hata jicho. Mimi nilikuwa nashona sare za shule. Kaptula na sketi. Shule zikafungwa, kazi ikafa, nikaja."

"Na risasi?"

"Sikuzisikia. Vita ilikuwa mbali."

Nilidhani ukweli utanisaidia. Mtu amekutwa uchi, anachutama, watu wanageuka pembeni. Hawa hawakugeuka. Mwenyekiti akaweka kalamu chini.

"Basi kwenu shwari. Sasa nisikilize. Nikiandika uliwashonea waasi, wewe ni mwasi, unakwenda ndani. Nikiandika ulikuwa unawashonea watoto kaptula, kwenu ni amani, panda gari urudi. Nichagulie. Mimi naandika chochote."

Nikatafuta neno la katikati. Halikuwepo. Mtu anayetoka kwetu hapa ana viti viwili tu, cha mchinjaji na cha anayechinjwa. Cha fundi aliyekosa kazi hakijatengenezwa.

Shangazi alikuwa anapiga pasi suruali ya ile suti. Akaniinamia sikioni, harufu ya mvuke imemjaa. "Mwanangu, wape wanachotaka ukalale."

Nikaitazama ile karatasi.

"Shule haikufungwa tu," nikasema. "Ilipigwa bomu."

Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya yule wa jenerali, lakini safari hii hakuna aliyetabasamu.

"Ilikuwa saa nne, watoto wako mapumzikoni. Niliitwa kwenda kuwatambua, kwa sababu sura... sura hazikuwepo. Nilizijua sketi. Marinda yangu nayafunga kwa uzi mara mbili kwa ndani, hakuna fundi mwingine anayefanya hivyo. Nikawa nageuza pindo, naangalia mshono, nasema huyu ni wangu. Na huyu wangu."

Nilipoanza sikujua nitafika huko. Ile ya uzi mara mbili ni kweli. Ndiyo iliyowamaliza.

Shangazi akazima televisheni, mechi haijaisha. Hakuna aliyelalamika. Fundi Simu akavua kofia. Mzee wa benchi akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akasema, "Samahani kijana, ya panga nilisema vibaya." Mwenyekiti akaandika. Nilimwona anatafuta neno, anakata, anaandika tena, mpaka ukurasa ukajaa. Akapiga muhuri, akaniambia weka sahihi. Nikaweka. Juu ya sahihi yangu kulikuwa na watoto arobaini, mimi sikutaja idadi.

"Huko kwenu si binadamu," akasema. "Mungu atusaidie sisi huku tusifike hapo."

Akaikunja barua, akaitia mfuko wa ndani wa koti. "Malizia mkono, nikukabidhi."

Nikamvua koti taratibu, nikakaa kwenye cherehani. Barua inakwaruza chini ya kiganja kila nikilisogeza. Ndipo simu yangu ikatoa mlio juu ya meza. Ujumbe, wa dada. Nikausoma kwa jicho la pembeni, mguu bado unakanyaga.

"GOOOLI! Umeona mdogo wangu? Mtaa mzima uko nje unaimba. Watoto wamevaa zile sare zako sijui wamezitoa wapi, wamejaa barabarani. Nakupigia uwasikie."

Na ikaanza kulia.

Inalia na kutetemeka, inajisogeza yenyewe kwenye vipande vya kitambaa, na jina limeandikwa kubwa: DADA. Wote walilisoma.

"Pokea, mwanangu," Shangazi akasema.

"Sindano iko kwenye kwapa," nikajibu. "Nikiacha hapa, mshono unapinda."

Ikakata. Ikalia tena. Nikakanyaga cherehani kwa nguvu, lakini cherehani haishindani na dada yangu akiwa na furaha. Nilijua akishika simu anaishika mpaka ipokewe.

"Pokea ndugu yangu," Fundi Simu akasema, sauti laini ambayo sijawahi kuisikia kwake. Ndugu yangu. Kamanda amekufa, nimezaliwa mfiwa. "Huenda kuna mtoto amepatikana hai."

Mara ya tatu. Nilikuwa nazungushia bega, mahali pagumu, kitambaa kinataka kukunjana. Sikuinua kichwa. Nilisikia kwa akili yangu zile sauti kama zimeshatoka kwenye spika: watoto wa kwetu, makoo yamekauka kwa kuimba, katikati ya duka, mbele ya kofia mkononi na macho mekundu na karatasi yenye muhuri.

Nikakata uzi. Mkono umekaa, hata kunyanzi moja hakuna. Mwenyekiti akavaa, akajigeuza mbele ya kioo, kulia, kushoto. Akatoa barua, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Simu ikaanza mara ya nne. Safari hii Fundi Simu ndiye aliyeiokota. "Lete nikusaidie kuongea nao," akasema. "Wewe huwezi, naona." Kidole gumba kikawa kinaelekea kwenye kitufe cha kijani.

Nilimrukia. Nikaipora mkononi mwake, nikafungua mgongo wa simu kwa kucha, nikachomoa betri. Kimya. Nimesimama katikati ya duka, mkono mmoja betri, mwingine barua, natweta kama niliyekimbizwa. Watu kumi wananitazama, na njia ya mlangoni bado imefungwa.

Fundi Simu akataka kunishika bega. Shangazi akamvuta shati.

"Mwacheni jamani," akasema. "Nani angeweza kusikiliza habari za kule?"