Kibanio cha Tumboni

Kanyange hakutoa salamu. Aliibwaga mbeleko juu ya meza ya cherehani, palepale sindano ilipokuwa ikipiga, na sindano ikavunjika.

"Ni wewe ulishona hii?"

Saidati aliondoa mguu kwenye kanyagio. Aliitambua kabla ya kuigusa: kitambaa cha kijivu, tembo wadogo wa manjano, na mkanda wa tumboni alioushona yeye mwenyewe. Kibanio chake cha plastiki kilikuwa kimepasuka katikati.

"Ni mimi," alisema. "Mtoto iko wapi?"

"Iko hospitali. Jana nilikuwa nashuka ngazi za ofisi yetu Kacyiru, nikasikia tu 'ta', na mgongo yangu ikakuwa nyepesi. Mfupa ya bega imevunjika. Kichwa imevimba. Daktari anasema tungoje. Mimi nangoja nini?"

Wangeweza kusemezana Kinyarwanda, maana ni lugha yao wote wawili. Kanyange alichagua Kiswahili makusudi, tena kwa sauti, ili mwenye duka aliyekuwa ndani asikie kila neno. Mwenye duka alikuwa Jovina, Mtanzania wa Bukoba, ambaye Kinyarwanda chake kiliishia kwenye bei.

Duka lilikuwa Muhima, jijini Kigali, kwenye mteremko wa kwenda Nyabugogo, na liliuza vitu vya watoto tu: chupa, nepi, vyandarua vidogo, na mbeleko za kisasa zilizokuja kwa kontena kutoka ng'ambo. Saidati alishonea barazani. Babu yake alikuwa muuza nguo wa pwani aliyekuja kufia Nyamirambo, akawaachia wajukuu dini, Kiswahili na cherehani moja. Baraza lilikuwa la Jovina, na Saidati alililipia kwa mikono, akirekebisha bidhaa za dukani kabla hazijatundikwa. Akifukuzwa hapo hakuwa na pengine pa kuiweka cherehani, na hilo wote wawili walilijua vizuri.

Marekebisho yenyewe ndiyo yaliyowaponza. Mbeleko zile zilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaombeba mtoto kifuani, na Kigali mama akimning'iniza mwanawe kifuani kama begi la shule, mama mkwe humwuliza kama mgongo unamwuma. Shehena ya kwanza ilikaa dukani ikila vumbi. Ndipo Jovina alipomwambia fundi wake akate mikanda ya mabegani, aurefushe ule wa kiunoni, uzunguke mwili kama kitenge, mtoto aende mgongoni anakotakiwa. Saidati akakata. Zikatoka kama maandazi ya asubuhi. Uzito uliopangiwa vibanio vitatu ukabaki kwenye kimoja, na hakuna aliyejiuliza.

Jovina alitoka akijifunga kilemba upya, uso mkavu.

"Pole sana, dada yangu," alisema. "Mungu ampe nafuu. Lakini naomba tuelewane. Mzigo wangu ulitoka kiwandani salama, na mikanda yake yote. Ulipofika kwa fundi ndipo mikanda ilipopungua. Mama Shabani, si ndiyo?" Alimgeukia Saidati.

Saidati alimtazama. Kwa miaka yote aliyokaa pale, mwanamke huyu hakuwahi kumwita fundi mbele ya mteja. Siku zote ilikuwa "sisi": sisi tunarekebisha, sisi tunamjali mtoto. Leo "sisi" ilikuwa imekufa.

"Nilikata kwa sababu uliniambia kata," alisema.

"Nilikwambia rekebisha. Kukata ni ufundi wako."

"Haya. Basi mwambie na ile ingine. Mwambie vibanio vilikuwa vinapasuka mkononi mwangu, nikikuonyesha unasema chukua kingine mfukoni." Alimgeukia Kanyange. "Walituma mfuko mzima wa vibanio vya akiba, mama. Kiwanda inatuma akiba kwa nini, kama haijui kitu?"

Kanyange hakumwangalia Jovina. Alimwangalia yeye.

"Kwa hiyo wewe ulijua."

"Nilijua."

"Wenzangu wa ofisi waliniletea hii siku ya kuja kunihemba, kunipongeza kwa kujifungua. Nimelala kitandani na mtoto wa wiki mbili, wanaimba, wananipa zawadi. Mimi naimba nao. Na wewe uko hapa umekaa, unajua."

Kila kibanio kilichopasuka Saidati alikitupa kwenye kopo lililokuwa chini ya meza, akatia kingine, akaendelea kukanyaga. Alijiambia kwamba kinachopasuka mikononi mwa fundi hakifiki mgongoni kwa mama. Sasa alijiona mpumbavu, tena mpumbavu mwenye mkono katika jambo.

"Kulikuwa na vibanio vya aina mbili," Jovina alisema ghafla, maana alihofia maneno hayo ya mfuko yangefika mbali. "Nitawaambia ukweli. Wakala wa kiwanda aliniuliza kwenye simu, unataka kibanio kigumu wanachopeleka Ulaya, au hiki chepesi tunachopeleka kwenu. Nikachukua chepesi. Kila mtu kwenye mtaa huu anachukua chepesi. Ningeleta kigumu mngenunua ninyi?"

"Mtoto wa Ulaya ni mzito kuliko Manzi wangu?" Kanyange aliuliza.

Jovina aligeuka kuangalia dukani.

"Nakuuliza, Madamu. Akianguka, anaanguka kwa chini ingine?"

Aliichukua mbeleko yake mezani, akaikunja kwa uangalifu, kibanio kilichovunjika kikiwa juu. "Narudi kwa mtoto. Kesho nakuja na polisi. Mtajua ninyi wenyewe nani atasema nini." Akashuka barazani, akasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita.

Jovina alimvuta Saidati mkono mpaka ndani, nyuma ya rundo la nepi.

"Nisikilize. Kesho utasema mshono ulilegea. Mshono ni bahati mbaya, inaweza kumpata fundi yeyote. Utaomba radhi, tutapeleka maziwa na matunda hospitali, yataisha. Ukisema kibanio, wanafunga duka. Likifungwa, na baraza limekwenda. Utashonea wapi? Gahanga, kwenye mashamba ya watu?"

"Mshono wangu haukulegea."

"Nani anauliza kuhusu mshono wako? Nazungumzia ugali wako."

Mbeleko zilikuwa zimetundikwa ukutani, safu nzima, tembo wa manjano wakifuatana mkonga kwa mkia. Mteja mmoja mwenye mimba kubwa alikuwa ameishika mojawapo, akiukandakanda mto wa kichwa kuona ulaini wake. Saidati alimpokonya. Hakuomba hata samahani. Alikifunga kibanio, akaukanyaga mkanda kwa mguu mmoja, akauvuta kwa mikono miwili kama mtu anayekaza kamba ya mbuzi. Kikapasuka. Akaitupa sakafuni, akatwaa ya pili. Ya pili ilivumilia. Akavuta tena kwa chuki, nayo ikapasuka. Yule mwenye mimba alirudi nyuma mpaka mlangoni, mkono tumboni.

"Umeingiwa na shetani," Jovina alisema, akaidaka ya tatu upande wa pili. Wakaivuta huku na huku kama watoto wanaogombea shuka, wanawake wawili waliokwisha kuwa na wajukuu, wakitoleana matusi ya lugha mbili. Kitambaa ndicho kilichoshinda, hakikuchanika. Jovina akaachia, akihema.

"Toka. Toka na cherehani yako, nisiuone mguu wako hapa tena."

"Natoka. Na kesho niko na yule mama, nasema kibanio. Nasema na kosa langu pia."

Barazani alianza kufungua skrubu za meza. Moyo ulimwuma kwa vile hakuna ushujaa wowote alioufanya. Alikuwa amevunja mbeleko mbili za ukutani. Zilizouzwa hakuzijua idadi. Ziliondoka moja moja na akina mama, wakapanda vilima vyote vya mji huu.

Alipoinua macho akaiona. Mwanamke mwenye beseni la ndizi kichwani alikuwa akiteremka kuelekea Nyabugogo, na mgongoni mwake, tembo wa manjano. Mtoto amelala, shavu limebanwa, miguu inaning'inia.

Saidati aliiacha cherehani ilivyo. "Mama, simama," aliita. Mwanamke hakugeuka, magari yalikuwa mengi. Alikimbia, kandambili moja ikamtoka, akaiacha. Alipomfikia hakuona cha kufanya ila kuweka viganja vyote viwili chini ya makalio ya mtoto na kutembea naye, hatua kwa hatua.

Mwanamke alishtuka. "Unamushika mutoto wangu kwa nini?"

"Usigeuke. Usiiname. Simama tu hapo, nakuomba."

"Mwizi huyu," mtu alisema kando ya barabara. "Mwizi wa watoto." Mkono mzito ukamkamata Saidati begani, mwingine ukamshika ushungi. Wakaanza kumvuta.

"Tua beseni kwanza," alimwambia mama. "Halafu mfungue wewe mwenyewe, pole pole. Mimi nimemshika."

Mtoto aliamka, akageuza kichwa, akamtazama mtu huyu asiyemjua. Watu walimvuta Saidati kwa nyuma, naye hakutoa mikono.